mdadm kwenye seva ya viini vingi: diski pacha zinategemeka kiasi gani?

Kwa ofisi ya Dar es Salaam yenye seva moja na diski mbili, mdadm, programu ya Linux ya kuunganisha diski ziwe RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja), bado ni chaguo zuri kuliko kadi ya RAID. Kadi ikiungua, mara nyingi unahitaji nyingine ya jamii ileile ndipo diski zisomeke. Diski za mdadm unazihamishia mashine yoyote ya Linux, unaandika `mdadm --assemble --scan`, zinatambulika.

Wingi wa viini vya prosesa hauisumbui. RAID 1, yaani diski pacha, haipigi hesabu za pariti (data ya ziada ya kurudishia kilichopotea), inaandika kitu kilekile mara mbili basi. Ila usitegemee miujiza ya kasi: programu moja ikisoma faili moja, kwa kawaida inahudumiwa na diski moja. Faida huonekana wasomaji wakiwa wengi, mfano hifadhidata.

Kinachowatia watu hofu bure ni `mismatch_cnt`, hesabu ya sehemu ambazo diski mbili hazifanani. Unaandika `echo check > /sys/block/md0/md/sync_action`, ukaguzi ukiisha unakuta namba kubwa kuliko sifuri na kudhani diski zimeoza. Kama swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM) imo humo, tulia kwanza. mdadm hainakili ukurasa wa RAM pembeni kabla ya kuuandika; diski zote mbili zinauchota palepale ulipo. Kiini kingine cha prosesa kikiubadilisha katikati, kila diski inaondoka na chake. Kwa swap haidhuru, kwa sababu ukurasa uliobadilika hivyo hautasomwa tena kutoka kwenye diski. Namba hiyo ikijitokeza kwenye patisheni yenye data peke yake, bila swap, kagua nyaya, RAM na ripoti ya afya ya diski kwa `smartctl -a`. Usikimbilie `repair`: inanakili upande mmoja juu ya mwingine bila kujua upi ni mzima. Hapa mifumo ya faili ya ZFS na Btrfs, yenye alama za uhakiki kwa kila bloku, inaiacha mdadm mbali.

Umeme ukikatika ghafla, bila bitmap (kumbukumbu ya maeneo yanayoandikwa) diski nzima inasawazishwa upya. TB 2 kwa MB 150 kwa sekunde ni karibu saa 4. Washa bitmap kwa `mdadm --grow --bitmap=internal /dev/md0`, itarudia maeneo yaliyokuwa yakiandikwa tu. UPS nunua hata hivyo.

Kasoro inayoumiza zaidi ni kuwaka. Kwenye mashine za UEFI (mfumo wa kuwashia kompyuta za kisasa), patisheni ya EFI, yenye faili za kuwashia, kwa kawaida haimo kwenye RAID. Diski ya kwanza ikifa, data ipo salama kabisa na seva haiwaki. Inakili patisheni hiyo kwenye diski ya pili, kisha chomoa ya kwanza ujaribu, kabla seva haijaanza kazi.

Diski za mezani nazo zina tabia ya kung'ang'ania sekta mbovu kwa muda mrefu, wakati Linux husubiri sekunde 30 tu kabla ya kukata tamaa. `smartctl -l scterc,70,70` huweka kikomo cha sekunde 7. Baadhi ya diski hukataa, na nyingi husahau zikizimwa, kwa hiyo iweke kwenye skripti ya kuwasha. Ukinunua za mtumba Kariakoo, omba usome `Power_On_Hours` (saa ilizowashwa) na `Current_Pending_Sector` (sekta zinazoshukiwa kuwa mbovu) pale pale dukani, na usichukue mbili zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja.

Andika `MAILADDR` kwenye mdadm.conf, ujaribu kwa `mdadm --monitor --scan --oneshot --test`. Bila barua hiyo, `[UU]` (diski zote mbili zipo) hugeuka `[U_]` (moja imetoka) na ofisi inaendelea kuchapa ankara kama kawaida.