BB ya baiskeli ya barabarani: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

BB (bottom bracket), yaani zile beringi mbili zinazobeba ekseli ya krenki, ile mikono inayoshika pedali, ni kifaa ambacho watu wengi hukinunua kinyumenyume. Wanaanza na jina kubwa na bei kubwa, kisha wanagundua kwamba haiingii kwenye fremu yao. Ukweli ni kwamba vitu viwili vimeshakuamulia karibu kila kitu: tundu la fremu na unene wa ekseli ya krenki.

Kabla ya kununua, hakikisha ya zamani imekufa kweli. Toa cheni kwenye sahani ya meno, shika fremu kwa mkono mmoja na kwa mwingine zungusha krenki polepole. Beringi nzima huzunguka kimya. Iliyochoka utaihisi kwenye kiganja, kama kwamba kuna chembe za mchanga ndani, na mara nyingi pembeni ya kikombe, yaani ganda linaloshika beringi kwenye fremu, huwa kuna alama ya kutu iliyotoka na maji. Kisha shika mkono wa krenki uusukume kuelekea fremu na kuuvuta. Ukicheza, kaza kwanza bolti za krenki, maana huenda tatizo likaishia hapo. Na mlio peke yake si ushahidi: pedali, bolti za sahani ya meno na hata nguzo ya siti hulia, na lawama yote inaangukia BB.

Sasa pima. Fremu ya hesi yenye upana wa mm 68 kwa kawaida ni BSA (hesi ya Kiingereza), na kwenye kikombe utasoma 1.37 x 24. Ikiwa mm 70 na imeandikwa 36 x 24, hiyo ni ya Italia. Usiibahatishe, kwa sababu moja haiingii mahali pa nyingine. Fremu isiyo na hesi hushindiliwa BB kwa nguvu, na aina zake ni nyingi: BB86 ina tundu la mm 41 na upana wa mm 86.5, BB30 tundu la mm 42, PF30 tundu la mm 46. Upande wa ekseli, krenki nyingi za Shimano ni mm 24, DUB, ekseli ya kampuni ya SRAM, ni mm 28.99, na nyingine ni mm 30. GXP, ekseli nyingine ya SRAM, ni mm 24 upande wa cheni lakini mm 22 upande wa pili, kwa hiyo BB ya Shimano haiifai.

Kama fremu yako ni ya BSA na krenki ni ya mm 24, una bahati, na chaguo langu la kwanza ni Shimano BB-R60, ile ya daraja la Ultegra. Beringi zake ni za chuma, mpira wa kuzuia maji ni mzuri, inapatikana kwa urahisi, na bei yake haiumizi. BB-RS500 iko chini yake kidogo na nayo ni ya kuaminika. BB-R9100 ya Dura-Ace, daraja la juu la Shimano, ni nzuri, ila kwa mtu anayepita kwenye mvua na vumbi ningependa pesa hiyo inunue R60 mbili. Angalia pia spana: vikombe vya RS500 ni vikubwa kuliko vya R60, na vya R9100 ni vidogo zaidi, kwa hiyo spana moja haitoshi bila adapta.

Chaguo la pili, kwa wanaonunua fremu mpya, ni T47. Ni hesi kwenye tundu pana, linalopokea hata ekseli ya mm 30 bila kulazimika kutumia beringi ndogo.

Wenye fremu za kushindilia, ya tatu ni yenu: BB ambayo vikombe vyake viwili hufungwa kimoja ndani ya kingine kwa hesi, kama zinazotengenezwa na Wheels Manufacturing na Token. Vikombe vya plastiki vya kawaida hushikwa na fremu tu, na tundu likiwa limepinda hata kidogo, beringi hukaa upande na kulia. Hivi viwili hushikana vyenyewe, na beringi zikabaki kwenye mstari mmoja.

Kwa baiskeli ya zamani yenye ekseli ya ncha za mraba, nunua Shimano UN300 ya upana na urefu ule ule wa ekseli, basi.

Mwisho kabisa naweka beringi za kauri. Nguvu inayopotea kwenye beringi za krenki ni ndogo mno; cheni iliyosafishwa na kupakwa mafuta itakupa zaidi, tena leo hii.

Wakati wa kufunga, safisha hesi, zipake grisi, na anza kwa vidole mpaka kikombe kizunguke mara kadhaa bila kulazimishwa. Kwenye BSA kikombe cha upande wa cheni hukazwa kwa kuzungusha kinyume cha saa, na hapo ndipo fremu nyingi huharibika. Vikombe vya Shimano vinataka Newton-mita 35 hadi 50. Bolti za mkono wa kushoto wa krenki ya Shimano zinataka 12 hadi 14, ukizikaza kwa kupokezana.