Yavuyavu wa chumvi kutoka China: chukua ngozi nzima, acha iliyokatwa tayari

Utamu wa chakula hiki hauko kwenye ladha, maana yavuyavu, mnyama wa baharini mwenye mwili wa jeli, hana ladha kubwa. Uko kwenye meno: unapotafuna hulia kama tango changa, kisha hunyumbuka kama gegedu. Kinachofanya hivyo ni mesoglea, ile jeli inayojaza mwavuli wake, yaani mwili wake wa juu wenye umbo la mwavuli. Akiwa hai, zaidi ya asilimia 95 ya mwili ni maji, yakishikiliwa na nyuzi nyembamba za kolajeni, aina ya protini. Wasindikaji humlaza kwenye chumvi na shabu, madini yenye alumini, kwa wiki kadhaa. Chumvi hutoa maji, shabu hukaza nyuzi. Kilo 100 mbichi hubaki kilo 10 au pungufu.

Dukani kuna aina mbili. Ya kwanza ni mwavuli mzima uliokunjwa ndani ya chumvi, ambao Wachina huuita ngozi. Hiyo ndiyo ya kununua, kwa sababu unaona unachonunua: rangi iwe ya maziwa au manjano hafifu. Ikiwa kahawia, imekaa mno, irudishe.

Kasoro yake ni kazi. Loweka gramu 250 kwenye maji baridi usiku kucha ndani ya friji, ukibadilisha maji mara nne au tano, hadi ukionja usisikie chumvi. Viringisha, kata nyuzi za milimita 5. Chemsha maji, yaepue, yaache yapoe kidogo hadi nyuzijoto 80 hivi, tumbukiza kwa sekunde 10 hadi 15, kisha mara moja kwenye maji ya barafu. Hapa ndipo wengi huharibu. Maji yakiwa yanatokota, kolajeni hujikunja, nyuzi zinasinyaa na kuwa mpira. Ukizidi kuchemsha, zinayeyuka kuwa ute. Zikishayeyuka, hakuna namna ya kuokoa.

Sosi ya soya kijiko kikubwa kimoja, siki kikubwa kimoja, sukari na mafuta ya ufuta kijiko cha chai kila kimoja. Changanya wakati wa kula tu, la sivyo nyuzi zitatoa maji na kulegea.

Aina ya pili, iliyokatwa na kuwekewa vifuko vya sosi, inafaa kuonjea mara ya kwanza tu. Mara nyingi imelegea, na sosi humeza kila kitu.

Mwenye ugonjwa wa figo aiache: shabu huacha alumini ndani ya nyama, na kuloweka hakuiondoi yote.