Lori la dizeli la gia za mkono linakusumbua asubuhi ya baridi Kabale? Nunua hivi, kwa mpangilio huu

Kama umewahi kulala na lori huku milimani Uganda, Kabale, Kisoro ama kule juu Kapchorwa, hii unaijua. Saa kumi na moja alfajiri ukungu umekaa mpaka kwenye vioo, unawasha, stata inazunguka kwa uvivu, injini inashika lakini inatetemeka kama mtu wa malaria, moshi mweupe unajaa paking yote, na ukitafuta gia ya pili inagoma inalia krrr. Ukishuka Kampala na gari hiyohiyo, kimya, haina neno. Ndio maana wengi tunanunua spea kwa kubahatisha, kwa sababu ukifika kwa fundi mchana gari inakuwa imeshapona yenyewe.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela fanya hivi, ni bure. Gari ikiwa baridi, injini inanguruma, gia huru, toa mguu kwenye klachi usikilize. Halafu kanyaga klachi mpaka chini. Kelele ikinyamaza, shida iko upande wa giaboksi. Mtetemo ukibaki vilevile hiyo ni injini, usije ukaenda kununua oili ya gia bure.

Namba moja kwangu ni hita plagi, zile plagi zinazopasha moto chemba ya kuchomea dizeli wakati wa kuwasha, kama injini yako inazitumia, mfano zile 3L za Toyota, hizo bila hita plagi nzima asubuhi utaomba. Kabale iko kama mita 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na alfajiri inashuka hadi nyuzi 10 hivi, chemba ikiwa baridi dizeli haiungui yote, inatoka kama moshi mweupe wa kuchoma macho. Plagi moja ikifa kati ya nne, silinda moja inazubaa mpaka ipate joto, ndio ule mtetemo wa dakika tano halafu unatulia. Kuipima ni rahisi, chomoa waya, weka mita kwenye ohm: nzima inasoma kidogo sana, ohm chache tu, iliyokufa haisomi kitu. Nunua zote nne, zimezeeka pamoja. Na tafadhali soma volti iliyoandikwa kwenye ile ya zamani, usimwachie muuzaji akukisie. Mimi nilipewa seti dukani nikaambiwa "boss hizi zinaingia kwa zote", kumbe ni za volti 12 na lori langu ni la 24, zote nne ziliungua asubuhi ya kwanza. Nikarudi, nikaambiwa spea ya umeme hairudishwi.

Namba mbili, oili ya giaboksi, na hapa ndio watu wanapigwa sana. Kwenye kibuyu kuna maandishi mawili ya kuangalia. La kwanza ni uzito, yaani oili ni nyepesi ama nzito kutiririka. 75W-90 na 80W-90 zikishapata moto ziko sawa, lakini asubuhi ile ya 75 inatiririka haraka zaidi, gia inaingia bila kugombana. 85W-140 ni nzito, waachie difu (gia za ekseli ya nyuma) za kazi ngumu, ukiiweka kwenye giaboksi huku milimani utaendesha kama unakoroga posho (ugali). La pili ni GL-4 ama GL-5, na usidanganyike kwamba tano ni kubwa kuliko nne basi ni bora. GL-5 ina dawa nyingi za kulinda meno ya difu, inateleza mno, sinkro (zile ringi zinazolinganisha mwendo wa gia ziingie bila kulia) zinashindwa kushika, na nyingine zinakula zile ringi za shaba. Giaboksi yenye sinkro mara nyingi inataka GL-4. Ila kuna giaboksi, hasa za Isuzu, ambazo kitabu chake kinataka oili ya injini, ukimwaga oili nzito ya gia humo asubuhi lazima igome, kwa hiyo kitabu kwanza, mdomo wa muuzaji baadaye.

Namba tatu ni thamostati, ile valvu inayozuia maji ya injini yasiende kwenye radieta mpaka yapate joto. Najua utacheka. Mafundi wetu gari ikichemka tu wanaing'oa na kuitupa, sawa, joto limeisha, lakini sasa injini haifiki joto lake hata ukiwa umeshapita Ntungamo, inakula dizeli na kutetemeka njia nzima. Ni spea ndogo ya bei ndogo, tafuta yenye nyuzi zilezile za kitabu, nyingi ni 82. Kama gari inachemka, tibu radieta.

Betri naiweka ya nne, ila kama stata ndio inavuta kwa shida anza nayo. Pima kila betri gari ikiwa imelala usiku kucha: volti 12.6 iko vizuri, ikishuka 12.2 ni nusu. Lori la betri mbili nunua mbili za aina moja siku moja, mpya na kuukuu zikifungwa pamoja ile kuukuu inaiua mpya. Na kama unaweka oili ya injini ya 40 kavu (isiyo na W, nzito ikiwa baridi), rudi kwenye 15W-40, hilo halihitaji hadithi.

Za mwisho kabisa ni zile chupa za kumwaga kwenye tanki. Acha. Hela hiyo nunua filta ya dizeli na umwage maji yaliyokaa chini yake.

Siku ya kubadilisha oili ya gia, legeza kwanza nati ya kujazia, ndio ufungue ya kumwagia. Jamaa yangu alimwaga yote chini, kugeukia ya juu imeshika kutu, haifunguki, akalala Katuna mpakani siku mbili na airishi (viazi) zinaoza nyuma.