Wakala wa forodha wa Malindi, Unguja, aliyenipelekea viungo Poland, maoni yangu baada ya mizigo miwili

Assalam alaykum. Watu wengi wananiuliza nlimtumia nani kupeleka viungo Poland, basi naandika yote kwa pamoja. Ofisi yenyewe sitoitaja jina maana yapo ya kusifu na yapo ya kulaumu, na mie nia yangu si kumharibia mtu riziki yake.

Mie nafungasha pilipili manga, manjano, mdalasini na kungumanga, nanunua kwa wakulima wa Kizimbani na Dole. Mteja wangu ana duka la viungo Kraków, alikuja kutembea tu, si mnajua Wapoland wanavyojaa Paje na Nungwi siku hizi, akapelekwa shamba akanusa mdalasini unabanduliwa pale pale, akasema nataka huu huu. Basi mie nikaona kazi ishakwisha, ni kufunga na kupeleka. Kumbe kazi ndo inaanza.

Ile siku ya kwanza naingia ofisini nlitegemea nitaulizwa kilo ngapi na pesa iko wapi. Ami mwenyewe, ndo huyo wakala mwenye ofisi, akachukua konzi ya pilipili manga akaitazama, akaniuliza, mwanangu hii imeanikwa wapi? Nikamwambia uwanjani. Juu ya nini? Nikanyamaza, maana kuna mkulima nlimuona kwa macho yangu anaanika chini kabisa, na hapo mvua za masika zilikuwa hazijamaliza. Ndo akanieleza habari ya aflatoksini, ile sumu ya ukungu, kwamba Ulaya wana mpaka wao, kwa pilipili manga, manjano, tangawizi na kungumanga ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa aflatoksini zote na 5 kwa ile ya B1 peke yake, na kwamba yeye hafungui faili la mtu kama vipimo vya maabara havijaja. Nlikasirika kidogo, nikaona ananipotezea wakati. Vipimo vikaja, pilipili imepita, manjano yamefeli. Gunia zima nikalitoa kwenye mzigo na kulitupa, roho iliniuma, lakini wallahi bora yafeli hapa Unguja kuliko yakafeli bandarini Gdańsk, kule mzigo unaharibiwa au unarudishwa na gharama ni zako.

Jengine, kwenye boksi nlitia na karafuu kilo tano kama zawadi kwa mteja aonje. Ami akazitoa. Karafuu huku kwetu ni ya ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, mtu binafsi husafirishi, na mie mtoto wa hapa nlitakiwa nijue. Akaniambia mteja akitaka karafuu awaandikie ZSTC wenyewe wamuuzie. Angekuwa wakala mwengine angenyamaza mzigo ukashikwa.

Mzigo wa kwanza kilo 60 ulikwenda kwa ndege, hapo sina la kusema, ulipanda vizuri na mteja akaupata ndani ya wiki. Wa pili kilo 420 kwa meli, nao ndo wenye maneno.

Nliagiza paleti kwa fundi seremala wa mtaani, nzuri, mbao ngumu. Vijana wa Ami wakazikataa. Mbao za kufungia mzigo lazima zipashwe moto nyuzi 56 mpaka katikati kwa dakika 30 na zigongwe ile alama ya suke la ngano yenye herufi IPPC, ule mkataba wa dunia wa kulinda mimea, kuogopa wadudu wa mbao, bila hivyo Ulaya haziingii. Nikanunua nyengine zenye alama. Mwenye paleti za fundi kama zangu asizitupe, za kupangia ghalani zinafaa sana.

Kwenye ankara Ami alinisaidia kuandika yale maelezo ya asili ya bidhaa, kwa sababu Tanzania imo kwenye mpango wa Ulaya wa nchi maskini zaidi, bidhaa zetu zinaingia bila ushuru wala ukomo isipokuwa silaha. Mzigo wangu ulikuwa chini ya yuro 6,000 kwa hiyo nliandika mwenyewe nikasaini, ukizidi hapo lazima uwe umesajiliwa kwenye REX, mfumo wao wa kusajili wasafirishaji. Bei pia tulipanga kwa yuro, ingawa Poland, japo wako Umoja wa Ulaya tangu 2004, pesa yao mpaka leo ni zloty. Na alinikataza kata kata nisikubali kumfikishia mteja mlangoni kodi zote juu yangu, yeye aliyeko kule ndo alipe na kutoa mzigo, jina na anwani yake ndo zikae kwenye lebo, nayo iwe ya Kipoland. Ushauri huu peke yake ulistahili ada yake.

Sasa lawama. Mzigo ulitoka Malindi ukafika Dar, ukakaa siku 19 unasubiri kontena la kuchanganya lijae, na hakuna aliyeniambia. Hata mmoja! Mteja ananiandikia kila siku, mie napiga simu naambiwa umeshaondoka dada, kumbe uko ghalani. Na ilivyokuwa wakati ule meli nyingi zilikuwa hazipiti Bahari ya Shamu tokea Wahouthi wa Yemen walipoanza kuzishambulia mwisho wa 2023, zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari yenyewe ikawa ndefu. Khalafu ikaja bili ya ghala shilingi 380,000 ambayo kwenye makubaliano haikuwemo. Nikaenda mwenyewe, nikakaa mpaka Ami akatoka sala ya adhuhuri, nikamuonesha karatasi. Hakubishana, nusu alibeba yeye, na akamgombeza kijana wake mbele yangu. Nlimheshimu kwa hilo lakini wiki tatu za kudanganywa hazirudi, mteja wangu karibu anikimbie.

Kwa hiyo kwa karatasi na ukaguzi wa mzigo nampa tano kwa tano, kwa mawasiliano mbili, basi. Ukienda kwake muandikishane gharama za ghala la Dar na nani atakupigia simu kila wiki.

Mie narudi kwake mwezi ujao inshallah na manjano kilo 300. Safari hii nimewanunulia wakulima wangu maturubai, na vipimo nshavichukua.