VAT au kodi ya mapato: ipi humbana zaidi mnyonge wa Lamu?
Barazani Lamu mjadala huu hauishi. Kwa uzito, VAT (kodi ya ongezeko la thamani, inayoongezwa kwenye bei ya bidhaa) ya 16% humwelemea mwenye kipato kidogo: mvuvi na mwenye hoteli Shela hulipa kiwango kimoja kwa sabuni, ila mvuvi hutumia karibu pato lake lote. Mwaka 2023 VAT ya petroli ilipanda kutoka 8% hadi 16%, na boti haiendi bila mafuta. Kodi ya mapato hupanda na kipato, 10% hadi 35%, ikipunguza pengo. Hilo nalithamini sana. Kwa ukusanyaji, VAT hushinda: PAYE, yaani kodi ya mapato inayokatwa na mwajiri, humkata mwalimu kabla hajashika mshahara, huku biashara nyingi zisizo rasmi zikiponyoka kodi ya mapato; VAT huwafikia hata wenye biashara hizo wanaponunua bidhaa. Mwajiriwa huenda akaitetea VAT; anayeishi kwa samaki atapata nafuu kodi ya mapato ikitegemewa zaidi.