Kujizoeza Kipolandi: Sokoni au kwa Mwenza wa Lugha?

Mgeni aliyehamia Kraków, mji wa Poland, akitaka kukizoea Kipolandi kwa kuzungumza na wenyeji ana njia mbili za karibu: kwenda sokoni, kwa mfano Stary Kleparz, au kukutana na mwenza wa kubadilishana naye lugha.

Sokoni mazungumzo ni mafupi na hujirudia kila siku, jambo linalomfaa anayeanza. Neno "poproszę" hufungulia ombi lolote, na muuzaji huitwa "pan" akiwa mwanamume au "pani" akiwa mwanamke, kwa kuwa kumwambia mtu mzima usiyemjua "ty" (wewe) huonekana kukosa adabu. Hesabu nazo hufunza sarufi bila kitabu: matufaha mawili ni "dwa jabłka", lakini yakifika matano huwa "pięć jabłek". Kwetu sisi tuliozoea ngeli zinazobadilisha mwanzo wa neno, inashangaza kidogo kukuta nomino zenye hali saba za kisarufi, yaani maumbo yanayoonyesha kazi ya nomino katika sentensi, ambazo hujitambulisha mwishoni mwa neno. Kasoro ya soko ni foleni. Aliye nyuma yako ana haraka, na ni nadra mtu kukusahihisha.

Mwenza hukusahihisha, hukueleza tofauti ya sauti za "sz" na "ś", na huvumilia ukimya wako unapotafuta neno. Hata hivyo, mazungumzo huteleza kwa urahisi yakaingia Kiingereza, hasa baina ya vijana, na kwa kuwa mtaitana "ty" tangu mapema, lugha ya heshima inayohitajika ofisini na hospitalini hukosa nafasi.

Kwa miezi ya kwanza ningechagua soko; mwenza ningemtafuta nikishaweza kusimulia siku yangu ilivyokwenda.