Skii za mtumba kwa anayeanza: vifungio kwanza, nta baadaye

Nilinunua skii za mtumba, vile vibao virefu vya kutelezea kwenye theluji, kwa sababu ndiyo kwanza najifunza. Urefu ulinifaa: nikizisimamisha mbele yangu, ncha inafika kati ya kidevu na pua. Nikazipeleka duka la kwanza nililolipata, nikawaeleza wazi kuwa mimi ni mwanafunzi. Kesho yake nikarudishiwa zinang'aa, zimepakwa nta, kingo za chuma zimenolewa hata zinakwangua ukucha. Nikalipa nikaondoka nimeridhika.

Siku ya pili mlimani nilianguka nikiwa karibu bila mwendo. Mwili uligeuka, skii ikabaki pale pale, na buti halikufyatuka. Goti likapinda. Kwa wiki tatu nilishuka ngazi nimeshika ukuta.

Fundi wa pili hakugusa nta kabisa mwanzoni. Aliinama akasoma namba kwenye kidirisha kidogo cha kifungio, kile kinachoshika buti kwenye skii na kuliachia ukianguka: 8. Kilikuwa kipimo cha nguvu ya kuachia buti, kilichowekwa kwa mwenye skii wa zamani, na lile duka halikukigusa. Hilo bado linaniuma kuliko goti lenyewe. Akaniuliza uzito, urefu na umri, kisha akageuza buti langu na kunionyesha urefu wa soli ulioandikwa ubavuni karibu na kisigino, milimita 305. Kwa vipimo hivyo vyote, na kwa kuwa naanza, jedwali lake lilitoa 4.5. Akalegeza skrubu ya mbele na ya nyuma, akasogeza kifungio cha nyuma kwenye reli yake mpaka alama ya mbano, inayoonyesha buti limebanwa inavyotakiwa, ikakaa mahali pake, halafu akakijaribu kwa kifaa kinachosokota buti hadi liachie. Tafadhali usichukue namba zangu. Buti likibadilika tu, hesabu inarudiwa.

Baada ya hapo ndipo akageukia upande wa chini. Kulikuwa na mkwaruzo mrefu, akauziba kwa kudondoshea plastiki iliyoyeyushwa kutoka kwenye kijiti kinachowaka kama mshumaa, kisha akausawazisha. Kutu kwenye kingo aliiondoa kwa tupa. Kilichonishangaza ni kwamba ncha na mkia alizipunguza makali kidogo. Alisema ndipo theluji inapomkamata anayeanza akijaribu kugeuka, na kweli, sasa skii inageuka bila kunivuta.

Nta ilikuwa ya mwisho. Aliidondosha kwa pasi, akaitandaza bila kuiacha pasi itulie mahali pamoja (ikitoa moshi, ni moto kupita kiasi), akaiacha ipoe, kisha akaikwangua karibu yote na kumalizia kwa brashi. Niliyoiona inabaki ni ile iliyokwisha kuingia ndani ya plastiki ya chini ya skii.

Kabla hujanunua, piga picha ya vifungio umpelekee fundi. Watengenezaji huacha kuvihudumia vya zamani, na fundi makini atakataa kuvirekebisha hata kama skii yenyewe ni nzuri. Mabuti nayo yakague: plastiki ikizeeka hupasuka.

Tangu hapo nimeanguka mara nyingi. Mara moja mguu ulisokotwa vilevile kama siku ile. Nikasikia "tak", skii ikabaki nyuma yangu kwenye theluji, nami nikainuka kwenda kuifuata kwa miguu yangu miwili.